Thiaroye: Filamu iliyotangulia nyaraka

*Kwa miaka 80 Ufaransa ilikwepa kuyaita mauaji ya askari wa Kiafrika kwa jina lake. Ousmane Sembène alishayaita hivyo mwaka 1988, kwa kamera.*

Na Mwandishi Wetu

Askari wamejipanga mbele ya meza. Juu ya meza kuna fedha na daftari, na nyuma yake ameketi ofisa Mfaransa. Wanaume hawa wamerudi Afrika baada ya miaka minne ya vita na ufungwa. Mikononi wana noti za Ufaransa, nao wanataka wabadilishiwe kwa noti za koloni ili waende zao makwao. Ofisa anawatajia kiwango: nusu ya thamani.

Hawapigi kelele mara moja. Wanatazamana. Wanajua kuhesabu, na wanajua kwamba askari mzungu aliyefungwa nao kambi moja hatakatwa hata senti.

Hiyo ni sehemu ya filamu ya *Camp de Thiaroye*, iliyoongozwa na Ousmane Sembène wa Senegal pamoja na mwenzake Thierno Faty Sow. Ilitoka mwaka 1988 na mwaka huohuo ikapewa tuzo maalumu ya jopo la majaji katika tamasha la Venice. Inasimulia tukio la Desemba 1, 1944, siku ambayo jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake lenyewe, Waafrika, katika kambi ya Thiaroye nje kidogo ya Dakar, kwa sababu walidai malimbikizo yao.

Novemba 28, 2024, Rais Emmanuel Macron alimwandikia barua Rais Bassirou Diomaye Faye wa Senegal. Ndani yake alikubali kwamba yaliyotokea Thiaroye yalikuwa mauaji ya halaiki. Filamu ilikuwa imelisema hilo miaka 36 kabla yake.

Swali la makala hii ni jepesi kuliuliza, lakini limewagawa wanahistoria, wanasiasa na watu wa sinema: mwongozaji wa filamu ana mamlaka gani juu ya historia? Anaposimulia jambo ambalo nyaraka zake zimefungiwa, tumwamini kwa kiasi gani? Na akikosea saa, idadi au jina, je, kosa hilo linaibatilisha kazi yake?

Kuli aliyeshika kamera

Sembène alizaliwa Ziguinchor, katika jimbo la Casamance kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Baba yake alikuwa mvuvi. Shule ilimshinda mapema, baada ya ugomvi na mwalimu mkuu, akaenda Dakar kufanya vibarua na kazi za uashi. Mwaka 1944 aliingizwa katika jeshi la Ufaransa, akatumikia kama dereva huko Niger.

Mwaka huo una uzito wake. Wenzake walipopigwa risasi Thiaroye, naye alikuwa amevaa sare ileile.

Vita vilipoisha alirudi Dakar, akayaona mambo ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger wa 1947 na 1948, kisha akavuka bahari hadi Marseille. Huko alikuwa kuli bandarini, mwanachama wa chama cha wafanyakazi na wa Chama cha Kikomunisti. Aliumia uti wa mgongo akipakua mizigo. Vitabu vilianzia hapo. Riwaya yake ya kwanza, kuhusu kuli Mwafrika wa Marseille, ilitoka 1956. Ile ya mgomo wa reli, *Les Bouts de bois de Dieu*, ikafuata mwaka 1960.

Baadaye aliona jambo ambalo waandishi wengi hawapendi kulikubali: watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Mama yake, wavuvi wa Casamance, akina mama wa sokoni Dakar, hakuna kati yao aliyekuwa akisoma riwaya za Kifaransa. Basi mwanamume anayekaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu. Aliporudi, alikuwa akisema kwamba sinema ni shule ya usiku.

Mwaka 1963 alitoa *Borom Sarret*, filamu fupi ya dereva wa mkokoteni wa farasi. *La Noire de…* ilifuata mwaka 1966, na mwaka 1968 akatoa *Mandabi* kwa lugha ya Kiwolofu. Tangu hapo wahusika wake walizungumza kama watu wanavyozungumza. Katika *Camp de Thiaroye* kila askari ametoka koloni lake, kwa hiyo wanaelewana kwa kile Kifaransa cha kambini, kilichovunjwavunjwa na kuungwa upya. Mtazamaji anayejua Kiswahili cha KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hahitaji kufafanuliwa.

Waliorudi wakadai chao

Askari wa Kiafrika wa Ufaransa, maarufu kama *tirailleurs*, walikamatwa kwa maelfu na Wajerumani mwaka 1940. Wengi walizuiliwa katika kambi za mateka ndani ya Ufaransa yenyewe, wakifanyishwa kazi mashambani na misituni. Ufaransa ilipokombolewa mwaka 1944, jeshi lake liliamua kuwarudisha Afrika.

Novemba 5, 1944, meli iitwayo *Circassia* iling’oa nanga bandari ya Morlaix, Ufaransa, ikiwa imewabeba. Askari wengine zaidi ya 300 waligoma kupanda hadi walipwe kwanza. Waliopanda waliahidiwa kwamba fedha zitamalizwa Dakar. Walifika Novemba 21, wakapelekwa Thiaroye, na fedha hazikumalizwa.

Novemba 28, kundi la askari wapatao 500 liliamriwa kupanda treni kwenda Bamako. Lilikataa. Jenerali Dagnan alifika kambini, gari lake likazuiwa na askari, akawaahidi kwamba madai yao yataangaliwa, wakamwachia. Siku tatu baadaye vilikuja vikosi, magari ya deraya na kifaru.

Jeshi liliripoti kwamba wamekufa 35. Kwingineko katika nyaraka zilezile inasomeka 70. Askari 34 walionusurika walishtakiwa kwa uasi na kuhukumiwa vifungo Machi 1945, hadi walipopewa msamaha mwaka 1947. Msamaha maana yake ni kwamba kosa lilibaki kuwa lao.

> Msamaha wa 1947 uliwafungulia milango ya gereza, lakini hukumu ya uasi ikabaki juu ya majina yao.

Mtu wa kuangaliwa zaidi katika filamu ni Pays, aliyeigizwa na Sidiki Bakaba wa Côte d’Ivoire. Pays amepitia kambi ya Buchenwald. Hasemi, anatoa sauti tu, na kichwani amevaa kofia ya chuma ya Kijerumani. Akiona uzio wa seng’enge wa Thiaroye, anaushika kwa viganja. Mwenzake anamwokotea udongo amwonyeshe kuwa huu ni mchanga wa Afrika, kwamba sasa yuko nyumbani.

Usiku wa mwisho Pays yuko zamu mnarani. Anaviona vifaru vinakuja. Anakimbia kuwaamsha wenzake, nao wanamrudisha kitandani. Nani angemsikiliza mtu aliyerukwa na akili? Nimeitazama sehemu hiyo mara kadhaa, na kila mara naona hasira ya Sembène imekaa hapo zaidi ya kwenye milipuko inayofuata. Anayejua yanayokuja ni yule aliyekwisha kuyaona kwa Wajerumani, na maneno yamemkauka.

Usiku au asubuhi?

Hapa ndipo wakosoaji wanaposimama, nao wana hoja.

Filamu inaweka shambulio usiku wa manane, vifaru vikiwateketeza watu waliolala. Nyaraka zinasema risasi zilifyatuliwa asubuhi, saa tatu na ushei, askari wakiwa wamekusanywa uwanjani. Filamu inamfanya jenerali kuwa mateka kwa muda mrefu, kisha anatoka kwa ahadi ya uongo, na askari wanacheza ngoma kushangilia. Gari la Dagnan lilizuiwa kweli, lakini mambo hayakwenda kwa mpangilio huo. Sajini Diatta, mhusika mkuu, msomi aliyeoa Mfaransa na mpenda muziki wa jazi, ni mtu wa kubuni.

Kwa wanahistoria wa nyaraka, hilo ni tatizo la kweli. Filamu ina nguvu kuliko kitabu. Ukishaviona vifaru usiku, ni vigumu kuyakumbuka magari ya deraya asubuhi. Na mtu anayetaka kuyakana mauaji yale hupata mlango: akionyesha kwamba saa si sahihi, anadai kwamba na mengine yote si sahihi.

Upande wa pili unajibu kwa swali: nyaraka zipi? Armelle Mabon, mwanahistoria Mfaransa aliyetumia miaka mingi juu ya Thiaroye, ameonyesha kwamba ripoti za jeshi zenyewe zinagongana, idadi ya abiria waliofika Dakar inapanda na kushuka kutoka karatasi moja hadi nyingine, na kwamba waandishi wake walikuwa na sababu ya kuficha. Mtu akipunguza idadi ya walioshuka melini, amepunguza pia idadi ya wanaoweza kuwa wamekufa. Wapo wanahistoria wengine wasiokubaliana naye juu ya ukubwa wa udanganyifu huo, na mabishano yao hayajaisha.

Mimi naegemea upande wa Sembène, lakini si kwa kila kitu. Kuuhamishia mkasa usiku kuliipunguzia filamu kitu. Askari walioitwa uwanjani mchana kweupe, mbele ya maofisa wenye majina na vyeo, wakapigwa risasi wakiwa wamesimama, hilo ni la kutisha kuliko giza lolote. Ukweli ungemtosha. Hata hivyo, mwaka 1988 nyaraka nyingi alizozihitaji hazikuwa wazi kwake. Alikuwa na masimulizi ya walionusurika, kumbukumbu za mtaani Thiaroye, na miaka yake mwenyewe jeshini. Kwa vifaa hivyo alipata mambo makubwa sawasawa: deni lilikuwa la haki, ahadi ilivunjwa, na risasi zilipangwa.

Serikali iliyolipia, serikali iliyozuia

Fedha za *Camp de Thiaroye* hazikutoka Ufaransa. Zilitoka Senegal, Algeria na Tunisia, kupitia mashirika ya sinema ya nchi hizo. Ukijua jinsi sinema ya Afrika Magharibi ilivyozoea kutegemea ruzuku za Paris, utaelewa maana ya hatua hiyo. Filamu ya mavazi, silaha, magari ya kale na mamia ya watu mbele ya kamera ni ghali kuliko filamu nyingi, na anayelipa huwa na sauti. Nchini Ufaransa filamu hiyo ilikaa miaka mingi bila kuonyeshwa kwenye kumbi za sinema.

Lakini tusiimalizie lawama Paris. Mwaka 1977 Sembène alitoa *Ceddo*, filamu ya ufalme wa Kiwolofu wa zamani ambamo imamu anateka madaraka, padri anangoja zamu yake, na mfanyabiashara mzungu anabadilisha bunduki kwa watumwa. Mwishoni bintimfalme anamuua imamu kwa bunduki. Senegal ni nchi ya Waislamu kwa wingi mkubwa wa watu wake, na masheikh wa tarika wana nguvu. Serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor iliizuia filamu, kwa sababu rasmi kwamba jina lake limeandikwa kwa “d” mbili badala ya moja. Sembène alikataa kuifuta hiyo herufi, na filamu ikakaa miaka kadhaa bila kuonyeshwa nchini kwake.

Senghor huyo ndiye aliyetunga shairi la kuwalilia wafu wa Thiaroye mwezi uleule walipouawa. Mshairi wa 1944 na rais wa 1977 walikuwa mtu mmoja. Sisemi hivyo kumdhalilisha. Historia ya dhuluma ya mgeni ni rahisi kuidhamini, ila ikigusa wenyeji, kila serikali hupata sababu ya kuchelewesha.

> Historia ya dhuluma ya mgeni ni rahisi kuidhamini, ila ikigusa wenyeji, kila serikali hupata sababu ya kuchelewesha.

Na wako waliobaki nje ya mlango kabisa. Kabla ya filamu ya Sembène kulikuwa na mswada mwingine, *Thiaroye 44*, wa mwongozaji Ben Diogaye Bèye na mwandishi Boubacar Boris Diop. Haukufika kwenye kamera. Katika nchi yenye fedha za filamu moja kubwa, wa pili hukosa. Tunamsifu Sembène kwa haki, lakini jicho la watu wawili lingetupa Thiaroye mbili za kulinganisha.

Picha mbili ukutani

Ukitaka kujua kwa nini filamu za Sembène za historia hazizeeki, tazama *Emitaï* ya 1971. Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kijiji cha Wadiola huko Casamance. Jeshi la Ufaransa limekuja kuchukua mchele. Wanawake, ambao ndio wanaoulima, wanauficha. Askari wanawakalisha juani hadi waseme ulipo. Wazee wa kiume nao wamejitenga kuiuliza miungu yao kama wapigane au watii, na kikao hakiishi.

Katikati ya filamu amri inabadilika. Mabango ya Jemadari Pétain yanabanduliwa, yanabandikwa ya Jenerali de Gaulle. Askari Mwafrika anashindwa kuelewa: inakuwaje mwenye nyota mbili anampindua mwenye saba? Kijijini hakuna kilichobadilika. Wanawake bado wako juani, na mchele bado unatakiwa. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya tofauti ya Ufaransa ya Vichy ya Pétain na Ufaransa Huru ya de Gaulle, lakini ukiwa umekalishwa juani Casamance tofauti hiyo ni karatasi ukutani.

Filamu hiyo imechota katika upinzani wa kweli wa Wadiola dhidi ya kuporwa mchele, ambao jina lake kubwa ni Aline Sitoe Diatta, mwanamke wa Kabrousse aliyekamatwa mwaka 1943 na kufia uhamishoni Timbuktu mwaka 1944. Leo meli ya abiria kati ya Dakar na Ziguinchor ina jina lake. Na yule Sajini Diatta wa *Camp de Thiaroye*, mwenyeji wa Casamance, anapata habari akiwa kambini kwamba kijiji chake kilichomwa moto na Wafaransa na wazazi wake wameuawa. Filamu mbili, zilizopishana kwa miaka 17, zinashikana hapo. Sembène alikuwa akijenga kitu kimoja kirefu.

Nguzo kubwa ya jengo hilo haikusimama. Kwa miongo kadhaa alitamani kutengeneza filamu ya Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa hadi alipokamatwa mwaka 1898 na kufia uhamishoni Gabon mwaka 1900. Mswada aliuandika. Fedha hazikupatikana. Sembène alifariki dunia Dakar Juni 2007.

Askari wa pwani yetu

Msomaji wa Dar es Salaam anaipita Sanamu ya Askari kila anapokatiza Barabara ya Samora, na Nairobi nayo inayo ya kwake. Hizo ni za vita vya kwanza. Askari wetu wa vita vya pili walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma kuanzia 1944, chini ya bendera ya Uingereza. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Februari 1944, miezi kumi kabla ya Thiaroye, meli *Khedive Ismail* iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Manowari ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldives Februari 12. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao vijana wa kutoka kwetu. Ni watu wangapi Mombasa wanaoijua tarehe hiyo?

Katika sinema tumeanza kuona dalili za kuikumbuka historia yetu. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa *Vuta N’Kuvute*, filamu iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, akaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa Kiswahili cha Zanzibar, na ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Filamu hiyo ilithibitisha kwamba watazamaji wapo, waigizaji wapo, na vitabu vya kuchota vipo. Kinachokosekana ni kile ambacho Algiers, Tunis na Dakar zilifanya kwa Sembène: serikali za nchi kadhaa kuchanga fungu moja kwa ajili ya historia inayowahusu wote. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinaweza. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 sasa amevuka 100, na hatuna muda wa kungoja kikao kingine.

Hesabu ambayo haijafungwa

Mwaka 2014 Rais François Hollande alikwenda Thiaroye na kukabidhi Senegal nakala za nyaraka. Mwaka 2024 Ufaransa iliwatambua askari sita wa Thiaroye kuwa wamekufa kwa ajili ya Ufaransa. Mtoto wa mmojawao, ambaye sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 80, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akidai aambiwe baba yake amezikwa wapi na alipwe fedha ambazo baba huyo alikuwa akilidai jeshi.

Senegal nayo iliunda kamati ya wanahistoria chini ya Profesa Mamadou Diouf. Mwaka 2025 uchimbaji ulianza katika makaburi ya Thiaroye, na mifupa yenye alama za risasi ikaonekana. Ripoti ya kamati, iliyokabidhiwa kwa Rais Faye Oktoba mwaka huo, inakadiria waliouawa kuwa kati ya 300 na 400, kinyume kabisa na 35 za jeshi.

Filamu yenyewe imesafishwa upya na kuonyeshwa Cannes mwaka 2024, na Rais Faye ameahidi kwamba Thiaroye itafundishwa shuleni. Walimu wataihitaji *Camp de Thiaroye*, pamoja na vifaru vyake vya usiku. Napendekeza waionyeshe yote, dakika zaidi ya 150, bila kukata. Kipindi kinachofuata wawape wanafunzi ripoti ya jeshi ya 1944 na ripoti ya kamati ya 2025, wazisome zote mbili kando ya filamu, kisha waseme wenyewe ni wapi kila mmoja wa wasimulizi hao watatu amekosea, na kwa sababu gani.